Hajarudi: Kumbukumbu ya Askari wa Mizinga kutoka Buha

Katika Kiswahili, tofauti kati ya hajarudi na hakurudi ni ya silabi moja tu, lakini katika nyumba ambayo mtu wake alikwenda vitani na mwili wake haukuonekana, silabi hiyo hufanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na kaburi, kwa sababu kiambishi -ja- huacha mlango wazi ilhali -ku- huufunga. Kiha, lugha ya wenyeji wa nyanda za juu za Kigoma, nacho kina namna yake ya kutenganisha jambo ambalo bado halijatokea na jambo ambalo halikutokea, na wazee wa Kasulu na Kibondo wanapozungumza Kiswahili huichukua tofauti hiyo kwa uangalifu ambao mgeni anaweza asiutambue. Makala hii inahusu ukoo mmoja wa Kasulu, ambao ni ukoo wa mwandishi mwenyewe, na ambao kwa zaidi ya miaka 60 ulitumia neno la kwanza kwa kijana wake aliyepotea mwaka 1944. Inahusu pia namna ukoo huo ulivyolifikia, kwa kuchelewa na kwa kusitasita, neno la pili.

Buha ni jina la kale la nchi ya Waha, ambayo inapanda kutoka upande wa Ziwa Tanganyika hadi kwenye vilima vinavyopakana na Burundi, na ambayo kabla ya ukoloni iligawanyika katika himaya kadhaa, kila moja ikiwa na mtawala wake aliyeitwa mwami: Heru ndiko iliko Kasulu ya leo, Muhambwe ndiko Kibondo, na Buyungu iko kaskazini zaidi, upande wa Kakonko. Serikali ya Waingereza haikujishughulisha kuweka huku mashamba makubwa wala viwanda, ila iliifanya nchi nzima kuwa ghala la nguvukazi, yaani mahali pa kuchota vijana wa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro kwa mkataba, vijana ambao waliitwa manamba kwa kuwa huko walikokwenda kila mmoja alijulikana kwa namba yake kuliko kwa jina lake. Katika miaka ya 1930 watu wengi wa Kibondo na Kasulu walihamishwa kwa sababu nyingine tena, wakatolewa kwenye vitongoji vyao vya porini na kukusanywa katika makazi ya pamoja ili kuepushwa na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Vita vilipoanza mwaka 1939, kwa hiyo, nyumba nyingi za Buha zilikuwa zimekwisha kuzoea kuhesabu watu wake wasiokuwepo, na zilikuwa na adabu zake za kufanya hivyo: mahali pa aliyesafiri hapakaliwi ovyo, na mali yake haiguswi bila shahidi.

Ukoo unaozungumzwa hapa ulikuwa na sababu ya ziada ya kushika adabu hizo. Mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoingia nchini kuwafukuza Wajerumani, babu wa baba wa mwandishi, wakati huo akiwa kijana asiye na mke, alichukuliwa kubeba mizigo kuelekea Tabora, mji ulioangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba mwaka huo, na hakuonekana tena hadi ikapita misimu miwili ya mahindi. Watu wa nyumbani walikuwa wamekwisha kumlilia na kugawana vitu vyake vichache alipotokea jioni moja, amekonda, akauliza ni nani aliyechukua jembe lake. Jembe lilirudishwa usiku uleule, lakini aibu ya kugawana mali ya mtu aliye hai iliendelea kusimuliwa, na wajukuu wake walikua wakijua kwamba kumtangulia mtu kwa matanga ni kosa linaloweza kuja kukuuliza swali mlangoni.

Vita hivyo vya 1916 ndivyo pia vilivyoleta ndege za mabomu katika anga ya Kigoma, jambo ambalo halisemwi mara nyingi hata na wenyeji. Uingereza iliwaazima Wabelgiji ndege nne za aina ya Short, zilizokuwa na maboya badala ya magurudumu ili ziweze kuruka na kutua majini. Zilisafirishwa kwa meli, kwa reli na kwa mto kupitia Kongo hadi ng'ambo ya ziwa, na kwa kuwa mawimbi ya Tanganyika yalikuwa makali mno kwa vyombo vya mbao na kitambaa, kituo chao kiliwekwa kwenye ziwa dogo la pembeni, karibu na Mtoa. Kila ndege ilichukua watu wawili, rubani na mtazamaji, yaani yule aliyekaa na ramani, akaangalia chini na kuangusha mabomu, na shabaha yao kubwa bandarini Kigoma ilikuwa meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Götzen. Mmoja wa marubani hao, Aimé Behaeghe, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1890, hakupigwa risasi wala kuanguka na chombo chake. Aliugua, akafa Niemba, ndani ya Kongo, mwezi Desemba 1916, kwa hiyo jamaa zake nao walibaki na kaburi ambalo wasingeweza kulifikia kwa miguu. Meli aliyoishambulia ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake grisi nzito ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 inajulikana kwa jina la Liemba. Msomaji atavumilia kudokezewa kwamba chuma kilichozamishwa kwa makusudi kilipata mafundi wa kukiandaa kwa ajili ya kuinuliwa, na watu wa kukiinua, na bajeti.

Wana wawili wa yule mbeba mizigo waligawanywa na vita vya pili. Mkubwa, ambaye ndiye babu wa mwandishi, alikwenda Tanga kukata mkonge; mdogo, ambaye kwa taratibu za ukoo huitwa babu mdogo, aliandikishwa jeshini mwaka 1942, akiwa mmoja wa Watanganyika zaidi ya 80,000 waliotumikia katika vita hivyo. Wananchi waliwaita askari hao Keya, jina walilolitoa kwenye herufi za jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, KAR, na walilitumia kwa kila mwanajeshi mweusi, ingawa si wote waliokuwa askari wa miguu. Babu mdogo alipelekwa kwenye kikosi cha mizinga, na hapo ndipo ukoo ulipopata kicheko chake cha mwisho kuhusu vita. Katika Kiha, kama ilivyo katika Kiswahili, mzinga ni kwanza kabisa nyumba ya nyuki, lile gogo lililochongwa tundu au lile gome la mtundu lililokunjwa na kuning'inizwa juu ya mti porini, na Buha ni nchi ya asali. Barua yake ya kwanza, iliyoandikwa na mwenzake kutoka kambi moja nchini Kenya, ilisema kwamba amewekwa kwenye mizinga na kwamba kazi ni nzuri ila kelele ni nyingi. Mama yake, ambaye alijua kwamba mwanawe ana mizinga mitatu ya nyuki katika pori la kuelekea Malagarasi, alifurahi kusikia kwamba hata Wazungu wametambua ufundi wake, akashangaa tu ni nyuki gani hao wa kelele.

Mzinga aliowekewa, ikiwa ni wa aina iliyotumiwa na vikosi vingi vya mizinga ya uwandani vya Jumuiya ya Madola, uliitwa mzinga wa ratili 25 kutokana na uzito wa kombora lake, ambao ni zaidi kidogo ya kilo 11, na ulihudumiwa na watu sita, kila mmoja akiwa na kazi isiyofanywa na mwingine: wa kulenga, wa kupakia, wa kuandaa baruti, na kuendelea. Inafaa kueleza jambo hili kwa sababu watu wa chombo kimoja, kiwe mzinga, meli au ndege, hufa kwa namna tofauti na askari wa miguu, ambaye mara nyingi mwenzake humwona akianguka na anaweza kurudi kusimulia. Ndege za mabomu za Uingereza zilizoruka usiku kwenda Ujerumani zilikuwa na watu saba katika Lancaster moja, na ndege isiporudi, wote saba walikuwa hawakurudi, na hakuna aliyebaki kueleza. Kati ya watu wapatao 125,000 waliotumikia katika vikosi hivyo vya mabomu, 55,573 walikufa, na huko Runnymede, si mbali na London, kuna kuta zenye majina ya wanajeshi wa anga zaidi ya 20,000 wasiokuwa na kaburi linalojulikana. Kwa watu wa namna hii serikali ya Uingereza ilikuwa na maneno maalumu, amepotea na anadhaniwa amekufa, maneno ambayo katika sheria yaliruhusu mirathi kufunguliwa, lakini ambayo katika nyumba nyingi za Uingereza yalimfanya mama aendelee kuacha taa ya barazani ikiwaka. Tofauti kubwa kati ya mama huyo na mama wa Kasulu ni kwamba wa kwanza aliletewa simu ya maandishi mlangoni.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria wa kijeshi uliondoka bandari ya Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo, ukisindikizwa na meli za kivita. Mojawapo ya meli hizo iliitwa Khedive Ismail. Ilikuwa imejengwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikauzwa Misri mwaka 1935, kisha ikachukuliwa kwa kazi ya vita. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500, wakiwemo wauguzi na wanawake wengine wa kijeshi, na wapatao 996 wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, waliokuwa njiani kwenda kuongeza nguvu katika vita vya Burma. Bahari ya Hindi wakati huo ililindwa pia kwa ndege za majini za aina ya Catalina zilizobeba mabomu ya kuzamisha nyambizi, na baadhi ya vikosi vyake vilikuwa Kipevu na Dar es Salaam. Kimoja chao, Kikosi cha 259, kilijichagulia kaulimbiu ya Kiswahili, Haya ingia napigane, ambayo sarufi yake ingemkera mwalimu yeyote wa shule ya msingi ingawa shabaha yake inaeleweka. Lakini bahari ni pana kuliko ndege. Alasiri ya Jumamosi tarehe 12 Februari, kusini-magharibi ya visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa makombora mawili, na meli ikazama katika muda usiozidi dakika tatu. Wengi walikuwa chini, ndani ya sitaha, wakitazama onyesho la muziki. Meli mbili za kivita, Petard na Paladin, ziliiwinda nyambizi hiyo hadi zikaizamisha, na katika kuiwinda ziliangusha mabomu ya kina mahali palipokuwa na watu waliokuwa bado wanaelea. Waliokufa siku hiyo ni 1,297, wakiwemo wanawake 77. Waliookolewa walikuwa wanaume 208 na wanawake 6.

Hakuna hata moja ya habari hizi iliyofika Kasulu. Kilichofika kilikuwa ukimya wa fedha. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe nyumbani, na kila mwezi mama wa babu mdogo alitembea tangu alfajiri hadi kwenye ofisi moja ya serikali, akiwa na karatasi yake imefungwa ndani ya pindo la kanga, akaweka dole gumba na kupokea shilingi zake. Katikati ya mwaka 1944 karani alifunua daftari, akapitisha kidole juu ya majina, akasema kwamba malipo yamesimamishwa; alipoulizwa kwa nini, akasema kwamba hilo halikuandikwa. Miezi mingi baadaye aliitwa tena, akapewa fedha za mkupuo ambazo hakuna aliyemweleza ni za nini. Leo ni rahisi kutambua kwamba zilikuwa malipo ya kifo. Yeye alizichukulia kuwa akiba ya mwanawe, na kwa kuwa mali ya aliyesafiri haiguswi, alizitia katika kopo la chai na kulichimbia chini ya kitanda. Zilikaa humo, noti zenye sura ya mfalme wa Uingereza, hadi baada ya shilingi ya Tanzania kuanza kutumika mwaka 1966, zikawa hazinunui hata chumvi. Mwandishi aliziona akiwa mtoto, zimeshikamana kama majani ya tumbaku, na alikatazwa kuzichezea.

Baada ya kosa hilo la fedha, kosa la pili lilikuwa la mahali. Askari walioanza kurejea mwaka 1946 kwa treni hadi stesheni ya Kigoma, kisha kwa miguu au kwa lori hadi vilimani, walikuja na neno moja kubwa, Bama, yaani Burma, na masimulizi yake ya mvua, matope, nyumbu wa kubeba mizigo na Wajapani waliojificha juu ya miti katika bonde la Kabaw. Mtu aliyeulizwa kuhusu kijana aliyekuwa kwenye mizinga alijibu kwa wema kwamba wote walikwenda Bama, na huenda ameoa hukohuko. Ukoo uliishi na Burma hiyo kwa miaka mingi. Dada wa pekee wa babu mdogo, aliyekuwa na umri wa takriban miaka 12 kaka yake alipoondoka na ambaye kwa mwandishi ni bibi, aliweza kueleza milima ya huko kana kwamba aliwahi kuchuma kuni zake. Alisema inafanana na ile ya kuelekea Manyovu, ila mvua yake haina subira. Alipoulizwa kuhusu kaka yake hakusema amekufa wala amepotea. Alisema, "Hajarudi," kisha akaendelea na kazi aliyokuwa anafanya.

Ni katika mizinga ya nyuki ndipo neno hilo lilipoonekana kwa macho. Mizinga ile mitatu haikugawanywa. Kila ulipooza mmoja, babu wa mwandishi, ambaye alirudi kutoka Tanga na kikohozi na baiskeli, alichonga mwingine na kuuning'iniza kwenye mti uleule, na wakati wa kurina, yaani kuvuna asali kwa moshi wa usiku, sega la kwanza la kila mzinga liliwekwa kando katika kibuyu ambacho hakuna mtoto aliyethubutu kukichovya kidole. Kibuyu hicho kilikaa hadi msimu uliofuata, kisha asali yake ikatiwa katika pombe ya ukoo, nyingine ikawekwa mahali pake. Mtu akiliangalia hilo kwa haraka ataliita tambiko, lakini tambiko hufanyiwa mizimu, na mizimu ni wafu. Kibuyu hiki kilikuwa hesabu ya fungu la mtu anayetarajiwa kuja kulidai, na ukoo ulilichukulia hivyo hasa, kwa kumbukumbu ya lile jembe.

Mwaka 2006 mwandishi, akiwa Nairobi kwa shughuli nyingine, alifika kwenye makaburi ya vita yaliyopo kando ya barabara ya Ngong, ambako ndiko liliko Kumbusho la Afrika Mashariki lenye majina ya askari wasiokuwa na kaburi, wakiwemo wale wa Rejimenti ya 301 waliozama na Khedive Ismail. Alikwenda bila tumaini kubwa, na kwa sababu iliyo nyepesi: siku chache kabla alikuwa amesoma kwamba karibu rejimenti nzima ya mizinga ya Afrika Mashariki iliangamia baharini mwezi Februari 1944, na mwaka huo ukamkumbusha daftari la karani. Utafutaji wenyewe ulikuwa mgumu kwa sababu ya majina. Majina mengi ya Kiha ni sentensi nzima, na mengi huanza kwa Nta- au Nti-, viambishi vya kukanusha, kwa kuwa mzazi humpa mtoto jina la jambo analolikana au analolalamikia. Karani wa jeshi, aliyeandika kwa sikio na ambaye sikio lake halikuzoea N na T kuandamana mwanzoni mwa neno, alikuwa na hiari ya kuiacha moja. Kwenye N hapakuwa na mtu. Kwenye T lilikuwapo jina ambalo, mtu akilisoma kwa sauti na kulirudishia herufi yake, linakuwa jina la babu mdogo. Aliyesimama hapo alilisoma kwa sauti mara tatu, mtunza bustani akageuka kutazama, kisha akaendelea kufyeka.

Kuandikwa vibaya, kwa kweli, kulikuwa bahati. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina na kwa usawa, ilikiri katika ripoti ya Aprili 2021 kwamba msingi huo haukufuatwa kwa wote: kwa vita vya kwanza vya dunia peke yake, watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, au hata kufikia 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa Afrika Mashariki ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inasimama kwa niaba yao wote bila kumtaja hata mmoja, na mbeba mizigo aliyerudi Kasulu kuulizia jembe lake, kama angefia njiani Tabora, asingekuwa hata na herufi ya kukosewa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilitendewa vingine: Kaboya, wilayani Muleba, kuna makaburi ya wanajeshi ambayo jamaa wanaweza kupanda basi kwenda kuyaona, na kila tarehe 25 Julai nchi husimama kwa ajili ya mashujaa wake.

Habari ya Nairobi ilifikishwa kwa bibi jioni, baada ya chakula, kwa kuwa habari ya namna hiyo haipelekwi kwa mtu mwenye njaa. Alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharage katika ungo, na hakuacha kuchambua. Aliuliza tarehe, akaambiwa. Aliuliza kama ni Bama, akaambiwa kwamba kaka yake hakufika Bama, kwamba ilikuwa bahari, na kwamba meli ilizama alasiri. Hapo mikono ikasimama. Bibi hakuwahi kuona bahari, lakini alikuwa ameolewa kwa muda kwa watu wa Ujiji, na watu wa ziwani wana hakika kwamba ziwa humrudisha mtu wake. Hukaa ufukweni wakingoja siku ya pili na ya tatu.

"Mjukuu wangu, hilo ziwa lenu halirudishi watu?"

"Ni mbali mno na nchi kavu, bibi, na kina chake ni kirefu."

"Na wenzake wa mzinga?"

Aliambiwa kwamba wachache waliokolewa, lakini wengi walikwenda naye. Alionekana kupata nafuu katika jibu hilo, nafuu ambayo mwandishi hakuitegemea na ambayo ilichukua muda kueleweka: katika Burma aliyoijenga kwa miaka ipatayo 60, kaka yake alikuwa peke yake. Bibi alirudi kwenye ungo, akatoa jiwe, akalitupa uani. Hakulia usiku huo, na wala hakutumia neno lolote kati ya yale mawili.

Mwenye shaka kwamba neno dogo linaweza kubeba uzito huo anaweza kusikiliza mazungumzo ya majirani wa ukoo huu. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na ile ya Nduta wilayani Kibondo, ya wakimbizi kutoka Burundi, zimepokea watu wengi ambao mume, mwana au mama wao hajarudi kutoka kuchota maji, kutoka sokoni, kutoka upande wa pili wa mto, na Msalaba Mwekundu umekuwa ukipokea huko majina ya waliopoteana na kuyatafutia wenyewe. Makarani wake wamekumbana na tatizo lilelile la sikio, kwa kuwa Kirundi na Kiha ni lugha za karibu sana na majina yake huanza kwa herufi zilezile.

Kikao cha ukoo kilifanyika mwezi Agosti uliofuata, katika matanga ya mtu mwingine, wakati jamaa kutoka Kibondo, Tabora na Tanga walikuwapo wote. Msemaji wa ukoo, kijana wa miaka 50 hivi ambaye hakuwahi kumwona babu mdogo, alitaja wafu wa ukoo kwa kufuata umri, na alipofika mahali pake akasoma kutoka kwenye karatasi ya mwandishi jina kama lilivyoandikwa Nairobi, kisha tarehe, kisha bahari. Bibi aliinua mkono. Alisema hivyo sivyo anavyoitwa, akalitamka jina kwa N yake na kwa sauti yake ya juu katika silabi ya tatu, akamtaka msemaji alirudie mpaka litoke sawasawa. Kisha akasema, kwa Kiswahili, ingawa kikao chote kilikuwa cha Kiha, "Huyu hakurudi," na akauliza ni nani atakayechukua mizinga.

Ilichukuliwa na kitukuu wa miaka 16. Alitaka kujua kwanza iko kwenye miti gani, na kama nyuki wake ni wakali.